Akademia ya tenisi bila mechi ni ya nini?

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma ile habari yenu ya akademia ya tenisi iliyo ndani ya shule moja hapa jijini Mwanza, na picha yake kubwa ya watoto waliojipanga mstari, raketi mabegani. Jambo hili nimelinyamazia muda mrefu, ila safari hii imenishinda. Mwandishi wenu kasifu sare, kasifu viwanja, kaandika kwamba shule inaandaa mabingwa wa kesho. Hakuuliza hata mara moja watoto hao wanacheza na nani, lini, na matokeo yao yanaandikwa wapi.

Mimi ni mzazi. Binti yangu amelelewa kwenye akademia ya namna hiyo tangu yuko darasa la tatu, na ada yake tunailipa mbali na ada ya shule. Jumanne na Alhamisi baada ya masomo wanapanga foleni, kocha anachukua mpira kwenye kapu, anarusha, mtoto anapiga, anarudi nyuma ya foleni. Makocha wanajituma na forihendi ya mwanangu, pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, ni nzuri, sikatai. Lakini mechi ya kuhesabiwa pointi alikuwa akiicheza siku ya wazazi tu. Dakika chache, wageni wanapiga makofi, kisha chai.

Basi tukampeleka Dar es Salaam kwenye mashindano ya vijana, safari ya kukesha ndani ya basi. Gemu ya pili, pointi 30 kwa 30, yaani wako sare, zamu yake ya kuanzisha mpira, mtoto akasimama katikati ya mstari wa nyuma na mpira mkononi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakujua aanzie upande gani. Akaenda kushoto, na mpinzani wake, mtoto mdogo kwake kwa kimo, akamwonyesha kwa raketi kwamba arudi kulia, maana pointi zikiwa sare mpira huanzishwa kulia. Kuanzia hapo akili ilihama. Wanaojua mchezo huu wanajua kwamba kwenye mashindano ya watoto mara nyingi hakuna mwamuzi wa kwenye kiti. Kila mchezaji anaamua mipira ya upande wake wa wavu, imeingia au imetoka, na asipokuwa na hakika, mpira unahesabiwa umeingia. Mwanangu hakuwahi kuamua mpira hata mmoja, kazi hiyo kocha alikuwa akimfanyia. Mipira iliyotoka nje kiganja kizima aliirudisha na mchezo ukaendelea. Ya kwake iliyogusa mstari ikaitwa nje, naye akainamisha kichwa akaenda kuokota. Kumbe ana haki ya kumwita refa wa mashindano, hakuna aliyewahi kumwambia. Katika seti mbili, yaani mechi nzima, akapata gemu moja tu. Baba wa yule mtoto, tulikuwa tumesimama naye kwenye uzio, aliniambia mwenyewe kuwa binti yangu ana mkono mzuri kuliko wa mwanawe. Wa kwake alikuwa ameshacheza mechi nyingi tu, kashinda, kafungwa, kadhulumiwa, kalia, na wiki iliyofuata karudi uwanjani. Hilo ndilo lililomshinda mwanangu, na wala si jambo la kununuliwa dukani pamoja na sare.

Tukilalamika tunajibiwa watoto waive kwanza, mashindano baadaye. Wanaivia wapi? Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana, wawili wawili, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Seti ya kwanza walipoteza 3-6, ya pili wakashinda 6-4, wakamaliza kwa tai-breki ya kuamua mechi, 11-9. Tai-breki hiyo ni ya pointi 10 na lazima umzidi mwenzako kwa mbili, kwa hiyo walifika 9-9 mikono ikitetemeka. Pointi za namna ile haziwezi kufundishwa kwa mipira ya kapu. Na mmoja wa waliofungwa siku ile, Victoria Mboko wa Kanada, Agosti 2025 alichukua ubingwa wa Montreal kwa wakubwa, fainali akimfunga Naomi Osaka. Kufungwa akiwa mtoto hakukumharibu.

Hata picha yenu yenyewe. Yule wa mbele sidhani kama amefika miaka minane, na ameshika mpira wa njano wa wakubwa. Tangu 2012 sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinataka watoto wa miaka 10 kushuka chini washindane kwa mipira ya polepole, myekundu, ya machungwa au ya kijani, na viwanja vya wadogo zaidi vina urefu wa mita 11 hivi badala ya 23.77. Shabaha ni mtoto aweze kucheza pointi nzima mapema. Sisi tunampa mpira unaomruka kichwani, halafu tunasema hajaiva.

Na viwanja vyenyewe ni hivyo vichache tulivyo navyo. Kuna shule nyingine upande wetu inakodisha uwanja wake wa tenisi kwa mahafali na sherehe za kipaimara. Wafunga mahema wanapigilia vigingi vya chuma kwenye sakafu ile ile ambayo mtoto anatakiwa kukimbilia mpira. Mvua zikija maji yanaingia kwenye matundu, sakafu inapasuka, majani yanaota kwenye mstari wa kuanzishia, na Jumatatu watoto wanaambiwa wacheze rede hadi uwanja ukauke. Mtoto wa mpira wa miguu ana UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari, anatoka shuleni kwake anapanda hadi taifa kwa kushindana. Wa tenisi anaachiwa vigingi.

Ninachotaka kinawezekana Jumamosi hii. Saa moja hadi saa nne asubuhi, kabla ya jua kali na upepo wa ziwani, mechi za seti fupi za gemu nne, watoto wahesabu wenyewe, wazazi tukae nje ya uzio midomo imefungwa. Ubao wa ngazi, wenye majina yaliyopangwa kwa ubora, utundikwe getini, kila mtoto aruhusiwe kumpa changamoto aliye juu yake hadi nafasi mbili. Geti lifunguliwe kwa watoto wa shule za serikali za Igoma na Mkolani, maana watoto wanane wanaojuana hawatoshi kuwa mashindano. Kila muhula waende mara moja Musoma, Bukoba au Kisumu, miji ya ziwa hili hili, kuliko kungoja nauli ya Dar.

Mwandishi wenu akirudi pale, aombe kuona daftari la matokeo, alipige picha, alichapishe.

Mzazi,
Nyegezi, Mwanza