Mdogo wangu, vile vidonge tisa

Mdogo wangu,

Vile vidonge tisa ulivyovirudisha kwenye kopo vimenikaa kooni mpaka leo. Baba alipoanza kuhara baada ya ile dripu ya kuamsha kinga ipige saratani yake, aliandikiwa prednisolone, dawa ya kutuliza kinga, miligramu 60 kwa siku, yaani vidonge 12 vya miligramu 5. Ukavimwaga kwenye kisahani, ukahesabu, ukamwachia vitatu. "Hivi vinaua kinga," ukasema, na kinga ndiyo tuliyoifuata India.

Ulimpenda, najua. Wewe ndiye uliyemwosha usiku kucha. Lakini kinga haijazwi kama tangi. Seli T, askari wa kinga kwenye damu, zina kiwashio, protini iitwayo Lck. Protini ya Csk huibandika Lck fosfati, kijialama cha kemikali, kwenye tairosini ya 505, mojawapo ya pingili zake, ikajikunja na kulala. Protini nyingine, CD45, huja kuibandua fosfati hiyo, Lck ikaamka. Ikiamka hubandika fosfati kwenye mikia ya kipokezi, antena ya seli T, penye sehemu 10 zenye tairosini mbilimbili. Protini ya ZAP-70 hushika pale ambapo zote mbili zimebandikwa, ikapeleka habari kwa protini mwenzake, LAT, kalsiamu ikapanda, seli ikaanza kazi.

Na kazi ile lazima ishikwe breki. Breki moja, CTLA-4, huinyang'anya CD28, kichocheo cha seli T, wenzake wa kushikana nao, CD80 na CD86, maana huwashika kwa nguvu zaidi. Breki ya pili, PD-1, ikikutana na mwenzake PD-L1 huita kimeng'enya SHP-2, nacho hubandua fosfati, hasa za CD28. Uvimbe mwingi wa saratani hujifunika PD-L1 ili usiguswe. Dripu ya Baba iliiziba PD-1, kwa hiyo breki iliachia seli zinazoupiga uvimbe, na pia zile zilizokuwa zimetulizwa zisiumize utumbo. Mwaka 1995 ilionekana kwamba panya waliozaliwa bila CTLA-4 hufa wakiwa na wiki 3 au 4, viungo vimejaa seli T. Hiyo ndiyo kinga isiyozuiwa, ndugu yangu.

Kuhara kule hakukuwa "uchafu unatoka". Mtu wa dripu hizi akienda chooni mara 7 au zaidi juu ya kawaida yake kwa siku, ni hospitali, siku hiyohiyo. Prednisolone huzima jeni zinazotengeneza saitokaini, zile ishara ambazo seli za kinga huitana kwazo. Kisha hushushwa polepole, wiki 4 au zaidi, kwa sababu ikikatwa ghafla utumbo huwaka upya, na tezi za adrenali, zinazotengeneza homoni ya mwili iliyo kama dawa hii, zinakuwa bado zimelala. Wewe ulikata robo tatu kwa siku moja.

Msibani ukawaambia wajomba kwamba niliamrisha sumu kwa simu. Niliamrisha, ndiyo, na ningeamrisha tena. Nilinyamaza kwa ajili ya Mama tu.

Sasa Shangazi ameanza dripu ya aina ileile, na ni wewe anayekuamini, si mimi. Mwandikie kwenye daftari kila anapokwenda chooni. Akikohoa au akikosa pumzi, mpigie daktari wake kabla ya mtu wa mitishamba. Akiandikiwa vidonge, mpe asubuhi akishakula. Vyote.