Ndege za Biafra zilitua, hazikudondosha chakula

Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe mambo mawili katika makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu ndege za misaada zilizopotea katika vita vya Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitangazia uhuru mwaka 1967. Mwandishi alieleza kwamba chakula kilidondoshwa kwa miavuli, na kwamba mabaki yote ya ndege yaliyobaki kwenye kiwanja cha ndege cha Uli baada ya vita yalikuwa ya ndege za misaada. Nchi yetu, Tanzania, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, kwa hiyo habari hii si ya mbali kwetu kiasi cha kuandikwa kwa kukisia.

Chakula kilidondoshwa Uholanzi mwaka 1945, ambako ndege za Uingereza na Marekani zilipita chini chini juu ya viwanja na kuachia magunia, tena bila miavuli, kisha zikageuza kurudi kwao. Biafra mambo yalikuwa mengine. Ndege zilizotoka visiwa vya São Tomé na Fernando Po zikiwa na maziwa ya unga, chumvi na samaki wakavu zilitua Uli, ambapo palikuwa ni kipande cha barabara karibu na mji wa Ihiala kilichopanuliwa kikafikia upana usiozidi mita 25. Zilikuja usiku, taa zao zimezimwa, na taa za kiwanja nazo ziliwashwa kwa muda mfupi tu rubani alipokuwa anakaribia kugusa ardhi, kwa sababu mara nyingi ndege ya jeshi la Nigeria ilikuwa juu ikisubiri mwanga huo ili iangushe mabomu. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika mnara wa kuongozea ndege, kama nilivyofanya mimi kabla ya kustaafu, ataelewa maana ya kuishusha ndege ya injini nne mahali pembamba namna hiyo, gizani, huku nyingine zikizunguka angani kungoja zamu.

Tofauti hiyo ndiyo inayomwelekeza mtafiti mahali pa kutafuta. Ndege nyingi zilizopotea zilianguka wakati wa kushuka, jirani na Uli, kama ile Super Constellation ya shirika la misaada la makanisa ya Kanada iliyoanguka tarehe 3 Agosti 1969 na kuwaua watu wote wanne waliokuwa ndani. Lakini DC-7 ya Msalaba Mwekundu iliyotunguliwa na ndege ya kivita tarehe 5 Juni 1969, ambayo nayo ilikuwa na wahudumu wanne, haikufika Uli kabisa. Ilianguka upande wa kusini, karibu na Eket, kabla giza halijaingia. Anayehesabu vyuma vya Uli peke yake ataikosa, ingawa ndiyo iliyoufanya Msalaba Mwekundu usimamishe safari zake.

Kuhusu mabaki, mwandishi amesahau kwamba kiwanja hicho hicho kilipokea pia silaha. Usiku mmoja ndege ya unga na ndege ya risasi ziliweza kufuatana, na zote zilikuwa za aina zile zile kuukuu zilizonunuliwa kwa bei rahisi. Namba ya usajili iliyopakwa ubavuni, mfano wa 5H ya kwetu au SE ya Uswidi, haitoshi kuzitenganisha, kwani hubadilika kila ndege inapouzwa, na wapo waliozipaka namba za uongo. Isiyobadilika ni namba ya kiwanda, ambayo kwa kawaida huchongwa kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa ndani ya ndege, na mara nyingi kibati hicho huwa kizima hata mkia ukiwa umeungua wote. Mtafiti akiipata, ailinganishe na hati za mauzo na orodha za shehena za São Tomé, ndipo aseme ndege ilibeba nini usiku ule.

Wazee wa vijiji vya Ihiala waliopakua magunia hayo wakiwa vijana sasa wamepita miaka sabini. Mwandishi wenu alihoji watu wa mjini Lagos peke yao. Kama ataandika sehemu ya pili aliyoiahidi, namsihi afike Uli kwanza, na masahihisho haya yachapishwe kabla yake.

Mwongoza ndege mstaafu,
Morogoro