Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusaidiana, askari polisi na makarani wa mahakama,

Vikao vya kamati vimefanyika, wagonjwa wametembelewa, wafiwa wamepewa rambirambi. Kumbukumbu anazo katibu.

Nije kwenye lile linalosemwa pembeni: fedha za ndafu ya Desemba, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kugeuzwa malipo ya mshauri nasaha wa msongo wa kazi. Wazo lilikuwa langu na kamati ililipitisha. Mnaodai msongo ni wa askari wapya tu mmekosea. Mwaka 1983 John Violanti wa Marekani aliwachunguza polisi akaona msongo unapanda miaka mitano ya mwanzo, unazidi kati ya mwaka wa 6 na wa 13 mtu anapoichoka kazi, ndipo unaanza kushuka. Na kinachochosha zaidi si jambazi, ni utawala: likizo kuahirishwa, uhamisho wa ghafla, zamu kubadilishwa jioni. Karani wa mahakama hashiki bunduki, lakini kutwa anachapa mashauri ya ukatili kwa watoto, neno kwa neno.

Kwa nini mshauri wa nje? Askari hafunguki mbele ya mtu anayepeleka ripoti kwa bosi wake. Anaogopa kunyang'anywa silaha na kurukwa cheo. Kwa nini si kikao kimoja cha lazima baada ya tukio, kama wengine walivyotaka? Mapitio ya tafiti yameonyesha kikao cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na wapo kinaowazidishia. Ndiyo maana tuliweka vikao sita, kwa hiari.

Shilingi 600,000 zilitosha watu watano, kikao 20,000. Wamejitokeza watatu. Zimebaki 240,000 benki. Anayedhani zimeliwa amwone mhazini. Walalamikaji wakubwa hata mkutano wa Juni hawakufika, ukakosa akidi.

Tuko 64, ada ni 3,000 kwa mwezi, na 23 hawajalipa tangu Aprili. Hadi Desemba deni ni 621,000. Lingelipwa, tungekula ndafu na mshauri angelipwa. Hilo nalo ni kosa la mwenyekiti?

Kuhusu zamu, nimeandaa pendekezo: asubuhi, mchana, kisha usiku, si kinyume chake, maana mwili huona afadhali kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Mwakani tunatumaini kulifikisha kwa wakuu wa vituo, na pengine kuongeza idadi ya vikao, kadiri ada zitakavyoingia.

Naomba taarifa ipokelewe.

Mwenyekiti