Simu ikizima njiani, wanaopigwa ni waliobaki nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni toka mwezi wa kumi na moja mwaka jana, na nalisema sasa kwa sababu msimu wa korosho unakuja tena, watu wa huku kwetu wataanza safari zao za Dar na hela za mnada zitakuwa zimekaa kwenye simu za wazee wetu, na matapeli wa simu wanajua hilo kuliko sisi.

Mimi nauza vitenge hapa Mtwara mjini, kila baada ya wiki tatu au nne napanda basi la alfajiri pale Mkanaledi naenda Kariakoo kuchukua mzigo. Siku hiyo nilikata tiketi kama kawaida, nikaandikwa jina, namba ya simu, na namba ya ndugu wa karibu endapo kuna tatizo, nikatoa ya mama yangu aliyeko Newala. Njiani nikawa nachezea simu kama wote tunavyofanya, mara video za kwenye magrupu, mara natuma oda kwa wateja, kufika Nangurukuru kwenye kula chaji imebaki asilimia kumi na kitu, sehemu ya kuchajia kwenye siti yangu haifanyi kazi, tulipoipita Somanga simu ikazima. Sikujali, nikalala zangu.

Mama akapigiwa kwenye saa saba mchana. Sauti ya mwanaume, mpole, anaongea taratibu kama mtu wa hospitali kweli, akamwita mama kwa heshima zote, akamtajia jina langu kamili matatu yote, akamtajia basi nililopanda na akamtajia mpaka siti. Akamwambia mama usishtuke, gari limepata ajali huku Rufiji, mwanao yuko hai ila amepoteza damu nyingi, inatakiwa laki mbili na ishirini sasa hivi ndo aingizwe chumba cha upasuaji. Mama akasema nipeni niongee naye, akajibiwa hawezi kuongea ameshachomwa sindano ya usingizi. Mama hakuwa mjinga jamani, alikata ile simu akanipigia mimi, haipatikani, akapiga tena, haipatikani, na hapo ndo moyo ukamkatika, maana kutokupatikana kwangu ndo kulikomthibitishia kwamba yule mtu anasema kweli.

Alikuwa na hela ya korosho ya malipo ya kwanza. Akamwita mjukuu amsaidie kubonyeza. Jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mtu tu, mjukuu akauliza bibi huyu nani, wakapiga kuuliza wakaambiwa ndo mhasibu wa zamu. Ikatumwa. Baada ya dakika chache wakapiga tena wanataka laki moja nyingine ya damu, bahati salio lilikuwa halitoshi, mama akaanza kuzunguka kwa majirani kukopa.

Nilipofika Mbagala Rangi Tatu nikaomba kuchaji kwa muuza vocha, simu inawaka tu meseji zinaingia mfululizo mpaka inakwama. Nikampigia mama. Hakuamini! Aliona nao ni utapeli mwingine. Akaniuliza, "Kama kweli wewe ni mwanangu, mkorosho wa nyuma ya jiko nani kaupanda?" Nikamwambia mama, ni babu, kaupanda mwaka aliozaliwa kaka. Akakaa kimya nikasikia analia, na mimi nikalia pale pale stendi watu wananiangalia.

Tulipiga huduma kwa wateja, ile namba 100, wakatupokea vizuri tu ila hela ilishatolewa zamani. Nikaenda polisi nikaandikisha. Hela haijarudi mpaka leo.

Sasa Mhariri, nimefikiria sana jambo hili na ninachokiona ni kwamba sisi tukisema ulinzi wa simu safarini tunafikiria mwizi wa kuchomoa mfukoni, tunakumbatia pochi, tunaangalia nani kakaa jirani, kumbe mwizi mwenyewe wala hayuko kwenye basi lile na wala hataki simu yangu. Anachotaka ni majina yangu, namba ya mama, na saa chache za mimi kutopatikana. Hizo saa zipo na kila mtu wa Kusini anazijua, kuna vipande vya njia mtandao unakuja na kuondoka, na safari ni kilomita zaidi ya mia tano, chaji haiwezi kuvumilia kama unaangalia video. Wazee wanasimulia kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, watu walikuwa wanasubiri pantoni pale Rufiji, mvua ikinyesha safari ni siku kadhaa, na nyumbani hakuna aliyejua uko wapi na hakuna aliyeingiwa na presha. Siku hizi usipopatikana masaa matatu tu watu wameshaanza kukuombea, na tapeli anakula hapo hapo kwenye hiyo hofu.

Majina na namba amevitoa wapi? Sina ushahidi na simtuhumu mtu, ila naomba nieleze nilichokiona kwa macho. Ile karatasi ya abiria ilikuwa imelala juu ya kifuniko cha injini pembeni ya dereva toka Mtwara, iko wazi, ina majina yetu, siti zetu, namba zetu na za ndugu zetu, na kila anayepanda na kushuka anapita pale, wauza korosho za kukaanga, wauza maji, wapiga debe. Kuipiga picha ni sekunde moja. Hali ni hiyo hiyo gesti, kile kitabu cha wageni kimefunguliwa pale mapokezi, ukiandika wewe unasoma na wa jana wote, anatoka wapi anaenda wapi, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Na daftari la wakala nalo hivyo hivyo. Safari nyingine nilinunua karanga stendi, muuzaji kazifunga kwenye karatasi, nafungua naona sura ya mtu inaniangalia, kopi ya kitambulisho cha NIDA, jina, tarehe ya kuzaliwa, namba yote inasomeka, imetoka sijui steshenari gani huko. Nilikula karanga kwa shida siku ile, ile karatasi nikaichoma.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisifike kwa wasiohusika. Kwa hiyo naomba wenye mabasi wa njia yetu, haiwagharimu chochote kuiweka ile karatasi kwenye bahasha au kwenye droo ya dereva, na kondakta asisome namba za watu kwa sauti pale mlangoni. Wenye gesti, mgeni aandikwe na mhudumu, kitabu kikae upande wa ndani ya kaunta. Na wenye steshenari, kopi iliyoharibika ichanwe vipande vipande, isiuzwe kwa wafunga karanga.

Na sisi abiria tuna ya kwetu. Mimi siku hizi nabeba powerbenki, siku nikiwa na haraka nabeba kile kitochi changu cha zamani chaji yake inakaa siku mbili, na nikichaji kibandani natumia chaja yangu na sitoki pale, maana kuna wanaoacha simu imefunguliwa bila loki wanaenda kula ubwabwa. Nimeweka namba ya siri kwenye laini yenyewe pia, siyo kwenye simu tu. Hili watu wengi hawalijui, unaweza kuwa umefunga simu vizuri kabisa na alama ya kidole, mwizi anachomoa laini anaiweka kwenye simu yake, namba ni yako, meseji za benki zinaingia kwake. Ukiweka namba ya siri kwenye laini, akiihamisha tu inamgomea. Iko kwenye setingi, ukishindwa mwombe kijana wako mwenyewe wa nyumbani, usimwombe fundi wa njiani.

Kuhusu wale wanaosajili laini chini ya mwamvuli stendi, nawaheshimu ni wenzetu wanatafuta riziki, ila kuna wabaya kati yao. Ukiweka dole anasema halijasoma weka tena, halijasoma weka tena, unaondoka na laini moja kumbe zimesajiliwa tatu kwa jina lako, hizo mbili ndo zitakazompigia mama wa mtu mwingine. Bonyeza *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, mimi nilifanya hivyo nikakuta moja siijui, nikaenda dukani kwao ikafungwa. Na ukiona simu yako haina mtandao kabisa ghafla, wakati wenzako wa mtandao huo huo mko nao hapo hapo wanaongea, usikae unasubiri, azima simu piga 100 uulize, inawezekana kuna mtu kairenew laini yako, yaani kachukua laini mpya yenye namba yako.

WhatsApp nayo, ukitumiwa tarakimu sita usimpe mtu yeyote hata kama anayeziomba ni namba ya shangazi yako, maana pengine shangazi kashaibiwa yake na anayekuandikia siye. Weka ile hatua ya pili ya namba ya siri humo ndani ya WhatsApp. Waifai ya bure ya hoteli kaangalie mpira, mambo ya benki tumia bando lako.

Namba za matapeli tusizifute tu tukaendelea na mambo yetu, zinaripotiwa kwa meseji kwenda 15040. Niliripoti ile iliyompigia mama.

Lakini kubwa kwangu ni lile swali la mkorosho. Mama ambaye hajasoma hata darasa la nne alivumbua mwenyewe, kwenye presha, kitu ambacho kingemwokoa kama angekikumbuka nusu saa kabla. Sasa familia yetu nzima tuna swali, mtu yeyote akipiga na habari ya ajali au ya polisi anaulizwa kwanza, akisema mgonjwa hawezi kuongea basi tunamwomba jina la hospitali tunatafuta namba yake wenyewe, hatutumii hata mia kwenye namba ya mtu. Swali la mkorosho tumeshalibadilisha kwa kuwa nimeliandika hapa. Na tumekubaliana hela ya mnada ikiingia mama asikae nayo yote kwenye simu, nyingine inaenda benki siku hiyo hiyo.

Alhamisi hii nasafiri tena Mungu akipenda. Nimeshampigia mama kumwambia kuanzia saa tano mpaka saa nane mchana nisipopatikana ajue niko kati ya Nangurukuru na Ikwiriri, nitapiga nikivuka daraja.

Ni mimi msomaji wako,
Muuza vitenge, Mtwara