Mwanangu, ngitili hatuuzi

Mwanangu, meseji yako ya kutaka tuuze ngitili, lile eneo letu la malisho tulilolihifadhi, ili upate hela ya kununua bodaboda nimeisoma, nikamsomea na mama yako, akacheka halafu akanyamaza, na ukimya wa mama yako unaujua. Hatuuzi. Sio kwamba hela hatuitaki, nani hataki hela bwana, ila we umezaliwa umekuta miti imesimama unadhani ilikuwepo tu siku zote.

Haikuwepo. Tangu enzi za mkoloni mapori ya huku yalifyekwa kuua mbung'o, ikaja pamba nayo ikataka mashamba, ng'ombe nao wakaongezeka, Shinyanga ikabaki vumbi, kina mama wanatoka alfajiri kutafuta kuni wanarudi jua linazama, wengine wanapikia mavi ya ng'ombe. HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ikaanza 1986, mwanzoni wataalamu wakahimiza sana miche ya kupanda, ila wazee walikuwa na ngitili yao ya tangu zamani, unafunga eneo mvua zikianza na ng'ombe haingii mpaka kiangazi kimeuma kweli. Mwaka ule ngitili za mkoa mzima (Simiyu ilikuwa bado humo) zilikuwa kama hekta 600, mradi unaisha 2004 zimeshapita 300,000. Na sehemu kubwa hakupanda mtu! Visiki vilikuwa hai ardhini, vilichotaka ni kuachwa tu.

Kuachwa penyewe kazi lakini. Babu yako alikuwa anapita na panga, kisiki kimoja kimetoa machipukizi chungu nzima, anabakiza mawili matatu yaliyonyooka, mengine anakata, anahamia kingine. Tayari ni mzee, watu wanamcheka eti anafuga pori, ye anajibu ng'ombe wa mjukuu watakula wapi. Mjukuu mwenyewe ulikuwa hujazaliwa! Ada yako ya sekondari ilitoka kwa ng'ombe waliovuka kiangazi mle ndani, wakati za wenzetu zimekonda mnadani zinauzwa bei ya kutupa. Bado sijataja nyuki, furu ulizokuwa unakula mpaka meno meusi, na nguzo za jiko la mama yako.

Sa huyo dalali anayekwambia eneo limekaa bure anataka mkaa, hana lingine. Msimu mmoja kashamaliza, kaondoka, na safari hii visiki watang'oa maana siku hizi hawaachi kitu. Halafu mwanao akija kutaka eneo la kufugia utamuonyesha picha?

Hata hivyo hapa ukiingiza mifugo kabla ya wakati unaitwa dagashida, baraza letu la jadi la Wasukuma, unalipa faini, uwe mwenyekiti uwe nani, sembuse kuleta mtu wa misumeno. Mi sitaki aibu hiyo uzeeni.

Hela ya bodaboda nimeielewa, sio kwamba nakupuuza. Yule dume mwekundu namuuza mwezi wa saba akiwa bado amenona, utaongezea na za kwako. Na namba yangu usimpe dalali tena, kanipigia jana usiku wa manane.