Bibi yako kagoma kumalizia picha

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na ile picha ya miti ya hapo Leipzig nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji. Umeandika chini yake, "Mama, hii ndiyo vuli ya huku." Nilipomwonyesha bibi yako aliishika kwa mikono miwili, akaniuliza hiyo vuli gani isiyo na mvua, na miti imeugua nini hata ikawa manjano kiasi hicho. Nikamwambia haijaugua, inapukutisha majani kwa sababu baridi inakuja. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mume wangu anunue soksi."

Vuli yetu mwaka huu inasuasua. Unakumbuka mwaka jana, mvua za El Niño zilivyojaza Jangwani ukawa unarudi usiku umekunja suruali magotini. Mwaka huu inanyesha usiku kidogo, asubuhi jua kama halijawahi kuona wingu, na jasho humu ndani usiseme. Maembe yameanza kuingia sokoni ila bei bado. Kumbikumbi walitoka siku moja tu, wadogo zako wakawahangaikia na beseni la maji chini ya taa. Bati la jikoni linavuja palepale.

Nataka nikusimulie vizuri wiki iliyopita, maana kwenye simu tuliongea haraka haraka, na tangu mliporudisha saa nyuma mwezi uliopita kila nikikupigia nakukosa.

Ijumaa ya tarehe 15 nilipita kwenye kile kibanda cha muvi, kwa yuleyule aliyekuwa akitukodishia kanda enzi za deki. Siku hizi hana kanda wala sidii za kukodisha, unampa fleshi anakurushia unachotaka, lakini bibi yako bado anasema "nendeni mkakodi". Akanirushia picha la Kihindi, refu, la saa tatu. Tulipomaliza kula tukakaa wote.

Mtafsiri siku hizi ni mdogo wako. Anajitahidi, sitaki kumsema vibaya, lakini steringi ataongea dakika nzima, machozi yanamtoka, maandishi ya Kiingereza yanapita chini mstari baada ya mstari, na yeye atasema, "Anasema hataki." Hataki nini? Kwa nini? Bibi yako anamgeukia, naye ameshaangalia simu yake. Wewe ulikuwa unampa kila mtu sauti yake. Adui alikuwa na sauti nzito, mama mkwe alikuwa na ile sauti ya puani, na pale ambapo hukuelewa ulitunga, tena ulitunga vizuri, kama Lufufu kwenye ile mikanda iliyotafsiriwa tuliyokuwa tukiisikia kutoka kibanda umiza cha nyuma ya nyumba. Bibi yako ujanani aliona sinema pale Avalon na Empire, miaka mingi kabla Bara hatujapata televisheni mwaka 1994, na hakuna aliyemtafsiria. Alirudi nyumbani akiimba wimbo mzima wa Kihindi bila kujua maana ya neno hata moja. Mpaka leo anaziimba akiosha vyombo. Lakini wewe umeshamzoesha, na mazoea yana taabu. Lilipofika neno la mapumziko pale katikati ya picha akawa anasinzia, tukazima, tukasema tutamalizia kesho.

Kesho yake ndiyo ile Jumamosi.

Nilikuwa niende Kariakoo kuchukua vitambaa vya sare za wadogo zako. Nilichelewa kwa sababu ya maji, bomba lilikuwa linatoa nami sikutaka kuacha ndoo tupu. Nafika kituo cha Mapipa, baba yako ananipigia: "Uko wapi? Usiseme uko Kariakoo." Ghorofa lilikuwa limeanguka, mwanangu. Asubuhi, watu ndio wanafungua maduka. Nikarudi nyumbani miguu haina nguvu, ndoo zangu bado zimejipanga mlangoni.

Hatukuzima televisheni siku ile. Waokoaji walikuwa wanaongea na watu waliokuwa chini ya kifusi, wanawapelekea maji na hewa na glukosi kupitia matundu, na kila aliyetolewa akiwa hai, mtaa mzima hapa ulipiga kelele, nyumba kwa nyumba, maana wote tulikuwa tunatazama kitu kimoja. Bibi yako alikaa na tasbihi yake mpaka usiku wa manane. Majirani wawili walikuwa na ndugu zao wanaofanya kazi maduka ya jirani, wote walipatikana salama, Alhamdulillahi. Wengine hawakupatikana hivyo. Nikakumbuka lile la Ijumaa Kuu mwaka 2013, ghorofa 16, mtaa wa Indira Gandhi. Ulikuwa mdogo, ukaniuliza nyumba inaangukaje yenyewe, sikuwa na jibu.

Sasa wewe ndiye unayesomea majibu hayo. Nimekuwa nikifikiria hilo wiki nzima. Wakati unaomba kwenda kusomea ujenzi nilifurahi kwa sababu ni kazi yenye heshima na kipato, sikusema uongo, ndivyo nilivyowaza. Sasa nawaza mengine. Kuna siku utawekewa mchoro mezani, na mwenye mali atakuwa na haraka, atataka ghorofa moja zaidi au achimbe chini apate maduka zaidi, na atakuwa mtu mzuri tu, pengine mtu anayetufahamu. Babaangu, kataa. Ukifukuzwa kazi kwa hilo rudi nyumbani, chumba chako kipo na wali upo. Nasema kwa moyo wangu wote.

Jumanne ndiyo Stars wakacheza na Guinea kwa Mkapa. Sikuwa na moyo wa mpira, lakini Msuva alipofunga mdogo wako alitoka mbio mpaka barabarani bila viatu, na nikajikuta nami nimesimama mlangoni nacheka na majirani. AFCON mara ya nne, tunakwenda Morocco! Siku tatu tu baada ya kilio, vuvuzela zinapita na bodaboda mpaka usiku. Bibi yako akasema waache wapige, watu wamelia vya kutosha. Jumatano hii tunapiga kura za serikali za mitaa, baba yako ameshapanga wote twende mapema kabla ya jua.

Jana ndipo nikamwambia bibi yako, mama, tumalizie lile picha letu. Akakataa. Mdogo wako akaahidi kusoma kila neno, akakataa. Anasema yule binti wa kwenye picha ameachwa kituo cha treni na mtoto mgongoni, na yeye hawezi kujua mwisho wake kwa "anasema hataki". Amesema mumewe apigiwe simu.

Kwa hiyo nakuomba Jumamosi ijayo, tarehe 30, saa kumi na mbili jioni ya huko, huku itakuwa saa mbili usiku, usipange kitu. Tutakupigia kwa video, simu tutaiegemeza kwenye kopo la maziwa ikitazama televisheni ili uyaone maandishi, na bibi yako atakuwa amekaa pembeni yako. Weka bando la kutosha, limebaki saa moja na nusu.

Soksi ununue.

Mama yako