Walimu wa lugha ya C, waonyesheni wanafunzi kumbukumbu ilivyo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa programu. Mwanafunzi akikwama kwenye lugha ya C, tumezoea kumwambia aongeze printf (amri ya kuchapisha thamani kwenye kioo) hapa na pale mpaka kosa lijitokeze. Yako makosa yasiyojitokeza hivyo.

Mwezi uliopita binti mmoja darasani kwangu aliandika programu ya kikoba: jina la mwanachama nafasi 8 za herufi, kisha akiba yake. Hesabu za wote zilikuwa sawa isipokuwa za Mwanaidi. Kawekewa shilingi 50,000, programu inasema 49,920. Siku mbili nzima mtoto wa watu anapekua mistari ya kujumlisha, na pale hapakuwa na kosa lolote.

Nikakaa naye tukaandika kitanzi kifupi: shika anwani ya rekodi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, isome baiti moja moja kwa pointa (kigezo kinachoshika anwani) ya unsigned char, yaani baiti isiyo na alama ya hasi, chapisha kila baiti kwa %02x, yaani kwa tarakimu mbili za heksadesimali (namba za msingi wa 16). (Iwe unsigned, tafadhali. Ukiacha char tupu, kwenye kompyuta nyingi c3 itatoka ffffffc3 na mwanafunzi atazidi kuchanganyikiwa.) Ikatoka hivi:

4d 77 61 6e 61 69 64 69 00 c3 00 00

Baiti nane za mwanzo ni Mwanaidi, herufi kwa herufi. Elfu hamsini kwa heksadesimali ni c350, na kompyuta zetu hutanguliza baiti yenye thamani ndogo, kwa hiyo baada ya jina tulitarajia 50 c3 00 00. Nikamuuliza, hiyo 50 iko wapi? Akakodolea kioo, mara akashika kinywa: "Mwalimu, ni ile sifuri ya kufunga jina!"

Ndiyo yenyewe. Akiba ilijazwa kwanza, jina likafuata. Jina lina herufi nane kamili, strcpy, amri ya kunakili maneno, ikaandika sifuri ya kuonyesha mwisho wa jina kwenye baiti ya tisa, ikakanyaga akiba. 50 ya heksadesimali ni 80 ya kawaida, na shilingi zilizopotea ni 80.

Walimu wenzangu, kitanzi hiki kifundishwe wiki ileile tunayoanza pointa, kisingojee mwaka wa tatu. Tunawaambia watoto kwamba kumbukumbu ni safu ya baiti, halafu hatuwaonyeshi hata moja.

Binti yule ameshaongeza safu ya herufi pembeni ya namba, na nukta pale ambapo baiti haina herufi ya kuchapika. Wenzake wanaiomba.

Mwalimu wa kompyuta,
Tanga